Siku ya tatu Istanbul, sina mwenyeji: mliotangulia mlianzaje?

Mwl_Chumbageni
Jumanne, saa 3:40 usiku

Habari za usiku ndugu zangu. Miaka mingi nimesoma nyuzi za safari humu bila kuchangia. Leo naandika kwa mara ya kwanza, nikiwa nimejifunika blanketi kwenye kitanda cha juu, chumba cha wanawake wanane, mtaa wa Sultanahmet, Istanbul. Ni siku yangu ya tatu hapa. Nimetoka nje mara mbili tu, zote kununua maji duka la jirani na kurudi.

Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari, Tanga. Nimeweka akiba miaka mitatu, na mwaka huu zamu yangu ya mchezo wa walimu ilipofika sikununua kabati wala sikuanza msingi wa nyumba, nilikata tiketi. Sikuja kufuata mzigo. Sikuja kutibiwa wala kusoma, na sina ndugu huku. Nimekuja kuona, wiki tatu za likizo ya Desemba, na begi langu moja la mgongoni. Huu mji ulipoitwa Konstantinopoli nimeusimulia darasani sijui mara ngapi, na hadi juzi nilikuwa sijavuka hata mpaka wa Horohoro.

Mama hakunikataza. Yeye anafuma vitambaa vya makochi, ndivyo vilivyonisomesha, na siku namwambia habari hii hakuinua macho kwenye kazi yake. Aliuliza swali moja: "Nani atakupokea?" Nikamweleza kwamba kuna hosteli, unalipia kitanda. Akanyamaza, kisha akasema, "Hapo ni pa kulala. Nakuuliza mwenyeji." Niliona ni maneno ya watu wa zamani. Sasa nimelielewa swali lake. Kwetu hata ukienda Pangani kwa siku moja, kuna mtu umeambiwa ukifika umuulizie. Hapa kuna watu zaidi ya milioni 15, karibu mara tatu ya Dar kwa sensa ya 2022, na sina jina hata moja la kuulizia.

Niseme wazi yanayonitisha, labda kwa wenzangu ni madogo.

Asubuhi haiji. Saa za hapa ni sawasawa na za nyumbani, sikugusa simu yangu hata kidogo. Lakini saa kumi na mbili nje ni giza, saa moja giza, saa mbili bado giza! Jua linachomoza karibu saa mbili na nusu. Nimezoea kuamka saa kumi na moja, kwa hiyo kila siku nakaa gizani saa tatu na zaidi nikisikiliza pumzi za watu nisiowajua, na mpaka kupambazuke moyo umeshachoka.

Mbwa. Ni wakubwa kama ndama, wanalala katikati ya njia na hakuna anayewafukuza.

Chakula. Jana nilisimama mbele ya mgahawa, mhudumu akatoka mbio, akanisemesha kwa Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, anataka kunishika begi. Nikageuka nikarudi. Nakula visheti alivyonifungia mama kwenye kopo la maziwa. Vimebaki safu mbili.

Wenzangu chumbani wanatoka asubuhi na kurudi usiku wakiwa na mashavu mekundu kwa baridi. Mmoja, msichana wa Korea, kila jioni ananiuliza kwa upole leo nimeona nini. Leo niliposikia hatua zake ngazini nilifumba macho nikajifanya nimelala. Hilo ndilo limenifanya niandike.

Sitaki kurudi nyumbani, naomba msinishauri hilo. Nauliza hivi: ninyi mliowahi kuingia peke yenu kwenye jiji la namna hii, bila mwenyeji, siku za mwanzo mlitokaje mlangoni? Mlianzia wapi? Mlikula wapi?

---

MamaSeri_Kkoo
Jumanne, saa 4:25 usiku

Mdogo wangu pole, na karibu Istanbul. Mimi nafuata mzigo huko tangu 2015, mara nne tano kwa mwaka, Laleli na Merter, mitaa ya nguo za jumla. Safari yangu ya kwanza nililia chooni hotelini, na nilikuwa na mwenyeji wa kunishika mkono. Usijione mwoga.

Hujala, anza hapo. Mtu mwenye njaa kila kitu kinamtisha. Migahawa yenye mtu wa kukuita mlangoni achana nayo kabisa. Tafuta kibao kilichoandikwa LOKANTA. Humo chakula kimeshapikwa, kimepangwa kwenye masinia nyuma ya kioo, unaonyesha kwa kidole hiki na hiki, wanakupakulia. Hakuna lugha inayohitajika. Wanaokula humo ni wauza maduka na vibarua, kwa hiyo ingia kati ya saa sita na saa nane mchana, chakula kikiwa cha moto na watu wengi. Ukisema çorba, itamke chorba, unapewa supu. Ya dengu inaitwa mercimek, inakuja na kipande cha ndimu, na mkate upo mezani unakula mpaka utosheke. Mimi mzigo ukinichelewesha naishi kwa supu hiyo.

Pesa: usibadilishe uwanja wa ndege. Dola zako badilisha kwenye maduka yaliyoandikwa DÖVİZ, huko Laleli au karibu na soko kubwa la Kapalıçarşı. Linganisha mawili matatu, hesabu pesa hapohapo dirishani kabla hujasogea.

Usafiri: tramu ya T1 inapita hapo Sultanahmet. Kituoni kuna mashine, nunua kadi ya İstanbulkart, itie salio. Kadi hiyohiyo ni ya tramu, treni ya chini, basi na pantoni. Sasa nisikilize vizuri. Vituo vitatu upande mmoja uko Laleli, kwa wafanyabiashara, utasikia mpaka Kiswahili njiani. Vituo vitatu upande wa pili uko Eminönü, baharini. Istanbul yako ya wiki hii ni vituo hivyo sita. Hao milioni 15 waache na mji wao.

Na mpiga viatu akitembea mbele yako akadondosha brashi, usiiokote. Ukimrudishia atakung'arisha viatu kwa shukrani, halafu atakudai pesa. Pita tu.

Kesho nataka nisikie umekula.

---

Kiberenge
Jumanne, saa 4:50 usiku

Nachangia ya usalama tu. Ubalozi wa Tanzania nchini Uturuki uko Ankara, hauko Istanbul, kwa hiyo usisubiri shida ndipo utafute nambari zao, ziandike leo kwenye karatasi. Dharura ni 112, polisi na gari la wagonjwa pamoja. Piga picha pasi na viza, jitumie kwa barua pepe, pasi yenyewe ifungie kwenye kabati la hosteli kama lina kufuli lako mwenyewe. Mchana tembea na nakala. Safari njema mwalimu.

---

Mvita_kwa_Feri
Jumatano, saa 1:15 asubuhi

Assalaam alaykum Mwalimu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nimesoma Istanbul miaka mitano kwa ufadhili wa serikali ya Uturuki, bweni langu lilikuwa Üsküdar. Nimeusoma uzi wako alfajiri hii, nimeona siwezi kwenda kazini kabla sijakujibu.

Kwanza hilo giza, maana lilinitesa na mimi na hakuna aliyenieleza. Tangu mwaka 2016 Uturuki iliacha kurudisha saa nyuma msimu wa baridi, wakabaki na saa za kiangazi mwaka mzima. Ndiyo maana saa yao ni moja na ya Nairobi na Dar, ilhali mji wenyewe uko mbali sana magharibi na kaskazini. Desemba adhuhuri yao iko saa saba, na jua lazama saa kumi na moja na nusu. Sasa wewe mwili wako wa Tanga unajua saa kumi na mbili ni alfajiri, ukiamka unaiona usiku, unadhani kuna jambo baya. Hakuna. Sogeza siku yako mbele. Sali, rudi ulale, amka saa mbili na nusu, toka saa nne. Maduka mengi yenyewe wakati huo ndio yanafungua milango.

Mbwa: waangalie masikioni. Wengi wana kipini cha plastiki, maana yake manispaa ilimshika, ikamchanja, ikamrudisha mtaani, ndivyo walivyofanya mpaka sheria ilipobadilika 2024. Wamelishwa na wamechoka, mtu akiwaruka hawafunui jicho. Mimi nilikuwa nawapita upande wa ukutani, polepole, bila kukimbia. Paka nao utawaona kila kizingiti, wamewekewa maji na vijumba vya mbao, ukizoea utadhani uko Lamu.

Sasa la mwenyeji. Mama yako amesema kweli na wazee wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe leo siku ya tatu imepita na hukupewa jembe, kwa sababu hakuna mtu wa kukupa. Hiyo ndiyo shida yako, Mwalimu, si woga. Umekuja kuona tu, na kuona hakuna pa kuanzia, hakuna mtu anayekungoja. Basi jipe jembe wewe mwenyewe. Kila siku kazi moja, ndogo, ya kweli, yenye kwenda na kurudi. Aya Sofya, lile kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, litakungoja, limengoja tangu mwaka 537.

Jembe la leo nakupa mimi. Shuka Eminönü, pita getini kwa kadi yako, panda feri ya Üsküdar. Ni kama Likoni, ila ndefu zaidi, robo saa na ushei. Kaa nje upande wa kulia hata kama baridi yauma. Mtu atapita na sinia la chai kwenye vigilasi vyembamba kiunoni, chukua, shika gilasi ukingoni juu, chini pataunguza. Ukifika ng'ambo uko bara Asia. Usiende popote. Kaa ngazini pale gatini, tazama watu wakishuka, kisha rudi. Basi. Ukifanya hivyo siku tatu mfululizo, saa ileile, utaona muuza chai amekutambua. Usihangaike kutafuta kipya kila siku. Chagua sehemu mbili tatu uzirudie, ndipo mji utakapokuwa na watu, si umati.

Na salamu. Utaambiwa "merhaba" na watoto na wazee, nawe hujamwamkia mtu. Ni salamu yao ya kawaida, jibu merhaba vilevile. Kwa mzee mimi nilikuwa nikitoa salamu ya Kiislamu, wanafurahi sana.

Kanuni moja ya Sultanahmet: pale, anayekuanza kwa Kiingereza aghalabu ana duka la mazulia au jambo jengine. Ukiwa na swali, chagua wewe wa kumuuliza. Mama mwenye mfuko wa sokoni hajawahi kunipoteza.

---

MamaSeri_Kkoo
Jumatano, saa 2:05 asubuhi

Huyu kijana wa Mombasa kasema neno. Na jembe la kesho nimelipata mimi. Mama yako si anafuma? Uliza Kürkçü Han, mtaa wa Mahmutpaşa, ule mteremko unaotoka soko kubwa kwenda Eminönü. Ni jengo la wafanyabiashara la tangu karne ya 15, na leo humo ni nyuzi tupu, duka kwa duka, chini mpaka juu. Sisi wa nguo hatuendi huko, nililiona mara moja nikikatiza. Mnunulie mama nyuzi.

---

Mwl_Chumbageni
Jumamosi, saa 4:00 usiku

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi hapa kwa sababu nilikuwa nje. Nitaeleza yote, nivumilieni.

Jumatano nilitoka saa nne na robo kama nilivyoagizwa. Mbwa mmoja alikuwa amelala mbele ya mlango wa hosteli, ana kipini cha njano sikioni. Nikampita upande wa ukutani. Hakuamka. Mashine ya kadi kituoni ilinishinda, mama mmoja mwenye mtandio na mfuko wa vitunguu akanyoosha mkono akabonyeza kwa niaba yangu, akasubiri mpaka kadi ikatoka, akanigusa shavu akasema "maşallah". Neno hilo halikuhitaji mkalimani. Nilikaa kwenye tramu nikiwa nimelishika shavu langu.

Feri nilipanda. Nilikaa nje upande wa kulia. Upepo ule sijawahi kuupata maishani, unaingia mpaka kwenye meno. Shakwe wanaifuata feri wakining'inia hewani usawa wa macho, watu wanawarushia vipande vya simit, ile mikate ya duara yenye ufuta. Chai nilishika ukingoni. Kisha nikageuka nyuma, nikauona mji wote kwa mara ya kwanza: kuba na minara imepandana vilimani, moshi, mawingu yameshuka. Siku tatu nilikuwa ndani ya kitu hicho bila kukiona. Nimefundisha kwamba mji huu ulikuwa makao makuu ya himaya moja baada ya nyingine kwa sababu ya mahali ulipokaa, nikichora ramani ubaoni kwa chaki, mkondo wa bahari katikati, Ulaya huku, Asia kule. Sasa nilikuwa juu ya ule mstari wa chaki, na meli za mizigo zinapita chini ya pua yangu. Nililia kidogo. Upepo ulikuwa sababu nzuri kwa walionitazama.

Üsküdar nilikaa ngazini nikawatazama watu. Niliporudi sikurudi kwa feri, nilishuka chini ardhini nikapanda treni ya Marmaray inayopita chini ya bahari, dakika nne hivi uko Sirkeci, upande wa Ulaya. Nilitaka kuipanda kwa sababu moja. Walipokuwa wanaichimbia stesheni ya Yenikapı waliikuta bandari ya kale imezikwa, na ndani yake mabaki ya meli 37. Mradi ukachelewa miaka wakizitoa. Hatimaye ilifunguliwa tarehe 29 Oktoba 2013. Wanafunzi wangu huuliza kila mwaka tunajuaje hayo mambo ya kale, na jibu langu limekuwa la kitabuni. Januari nitakuwa na jibu jingine.

Lakini ninayotaka kuwasimulia hasa ni ya Alhamisi, ya nyuzi.

Mahmutpaşa ni kama mtaa wa Kongo Kariakoo umewekwa kwenye mteremko. Watu bega kwa bega, wabebaji wana marobota mgongoni wanapiga kelele upishe, nguo za harusi, nguo za kutahiriwa watoto wa kiume zenye manyoya na fimbo kama za kifalme. Nilimuuliza Kürkçü Han muuza mahindi ya kuchoma, kwa sababu mahindi nayajua. Akanionyesha lango ambalo ningelipita mara kumi.

Ndani ni ua wa mawe, na nyuzi. Sijui nielezeje. Nyuzi zimejazwa kwenye mifuko ya nailoni mpaka darini, kila rangi na ndugu zake kumi. Kwenye duka moja la pembeni kulikuwa na mwanamke wa umri wa mama yangu, miwani puani, anafuma huku anatazama wapita njia, mikono inakwenda peke yake. Mama hufanya hivyohivyo. Nikasimama. Hakunisemesha kwa Kiingereza wala hakuniita. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya kitambaa cha mama, kile cha mananasi, kinachokaa kwenye kochi kubwa la sebuleni kwetu.

Akaichukua simu, akaikuza picha, akaileta karibu na miwani. Akaweka kazi yake chini. Akachomoa uzi mweupe na sindano yenye kikulabu, akaanza. Nikahesabu naye kwa Kiswahili, yeye akihesabu kwa Kituruki, mpaka safu ya nne. Pale panapoanza umbo la nanasi alikosea, nikamshika mkono. Nilimshika mkono mtu nisiyemjua! Nikamwonyesha mama anavyoruka tundu moja na kurudi. Akafumua, akarudia, ikakaa sawa. Akacheka kwa sauti, akamwita mwenye duka la pili aje aone, akawa anaonyesha picha, ananionyesha mimi, anaonyesha juu, kwa maana ya mbali. Nikasema "Tanzania". Nikasema "anne", neno la mama, nililolipata kwenye simu. Akaweka mkono kifuani.

Nilikaa pale karibu saa mbili, nimepewa kiti na chai. Nilijifunza kwamba pamuk ni pamba, na kwamba saat, dakika, kalem, kitap, sabun, hesap na dükkân nilikuwa nayajua tangu nyumbani bila kujua. Nikanunua mabunda kumi na mawili ya pamba nyeupe na mawili ya rangi ya maziwa. Ijumaa nilirudi, sina cha kununua, nikamkuta amekimaliza kitambaa. Kikubwa kama sahani. Amenipa nimpelekee mama. Tulisalimiana "merhaba" na kila akiitamka najihisi nimeamkia na kuitikiwa.

Chakula, dada yangu wa Kariakoo, nimekula. Supu ya dengu mara nne. Na leo nimeenda Süleymaniye, msikiti alioujenga msanifu Sinan kati ya 1550 na 1557. Nilisali humo, kisha nikakaa kwenye ua wa nyuma unaotazama Haliç, ule mkono wa bahari unaoingia mjini, hadi miguu ikafa ganzi. Ng'ambo ya barabara kuna migahawa imepangana, na yote inapika maharage. Maharage meupe, mazito, yenye nyanya, na wali pembeni! Wali wao wanauita pilav na hauna bizari hata chembe, lakini ulikuwa wali maharage, nimeketi kilomita elfu kadhaa kutoka Chumbageni nakula wali maharage na kachumbari ya kitunguu, na meza zote zimejaa watu wanakula kama mimi. Mzee aliyenipakulia aliniletea chai mwishoni. Nilipotaka kuilipia akakataa akasema "misafir, misafir". Nikadhani ananiita msafiri, nikamjibu ndiyo, msafiri. Akafurahi. Mvita, naomba unieleze, nilielewa sawasawa?

Jana usiku yule msichana wa Korea aliniuliza leo nimeona nini. Tulizungumza mpaka taa ikazimwa. Jumatatu anataka nimpeleke Kürkçü Han.

Sasa nina tatizo la kweli. Begi langu ni la lita 40. Nyuzi haziingii, na bado nina wiki mbili mbele, nataka kwenda Bursa na Konya. Hosteli hawana stoo. Nifanyeje?

---

Mvita_kwa_Feri
Jumamosi, saa 4:35 usiku

Mwalimu, misafir ni mgeni. Neno ni hilohilo letu, la Kiarabu, kwetu limekaa kwa anayekwenda, kwao limekaa kwa anayepokewa. Mzee alikuwa akimaanisha mgeni halipi chai. Na wewe ulimjibu vizuri tu.

Kile kitambaa kiweke ndani ya kitabu kisikunjike.

---

MamaSeri_Kkoo
Jumapili, saa 12:50 asubuhi

Mdogo wangu nimesoma hii habari yako mara mbili, mara ya pili nimemsomea mume wangu.

Nyuzi usiwe na wasiwasi. Mimi nafika Istanbul Jumatano hii. Zilete Laleli, nitaziingiza kwenye kargo yangu, zinatua Dar, na Dar kwenda Tanga nazipakia basi la asubuhi, mama atazipata kabla hujarudi. Andika tu namba yake ya simu juu ya mfuko kwa kalamu isiyofutika, unitumie faragha, usiweke hapa. Kitambaa chenyewe kaa nacho, hicho umpe kwa mkono wako.

Nina ombi. Tangu 2015 naenda Istanbul, nikitua ni Laleli, Merter, ofisi ya kargo, hoteli, uwanja wa ndege. Ile bahari naiona kwenye dirisha la gari. Sijawahi kupanda hiyo pantoni hata siku moja, kila safari nasema safari ijayo. Alhamisi asubuhi sina miadi mpaka saa nane mchana. Nitakusubiri kituo cha tramu cha Laleli saa nne kamili, nina koti jekundu. Unipeleke. Visheti vyako najua vimeisha, nitakuja na vingine.

---

Mwl_Chumbageni
Jumapili, saa 2:40 asubuhi

Nitakuwepo dada. Saa nne kamili. Vaa soksi mbili, na tukipanda tukae nje, upande wa kulia.